Kuishi salama kwenye mitaa ya magenge Marekani: mwongozo kwa anayetoka Mbeya, Iringa na Njombe

Kijana aliyekulia Mwanjelwa au Kihesa haendi Marekani akiwa hajui hatari. Anajua kubana begi kifuani stendi, anajua vichochoro visivyopitika usiku, na akimwona kibaka anamtambua kabla hajasogelewa. Kinachomponza akifika Chicago, Los Angeles au Baltimore ni malezi mema aliyotoka nayo nyumbani: kumsalimia kila anayepishana naye, kumwazima mgeni simu abipu, kushuka kwenye gari kumfuata trafiki kwa heshima, kukimbilia mayowe ili asaidie. Kila moja kati ya hayo lina mahali pake huku kwetu. Kule linaweza kukuletea matatizo ambayo hukuyategemea, kwa sababu bunduki ziko mikononi mwa watu wengi na anayekutazama hajui wewe ni nani.

Mwongozo huu ni wa anayekwenda kusoma, kufanya kazi au kumfuata mwenzi wake, na ambaye kwa sababu ya kodi atajikuta anaishi mtaa wa bei nafuu. Ni wa wazazi waliobaki nyumbani pia, kwa sababu ya sehemu ya mwisho inayohusu watoto.

Hatari inakaa kwenye vipande

Usiseme "Chicago ni hatari" kama vile mtu wa Dar anavyosema "Mbeya baridi". Mji ni mkubwa na hatari yake imejikusanya. Watafiti walifuatilia mitaa ya Seattle kwa miaka 14, kuanzia 1989 hadi 2002, wakakuta karibu nusu ya matukio yote ya uhalifu yalitokea kwenye asilimia 4 hadi 5 tu ya vipande vya barabara. Kipande ni umbali wa kutoka kona moja hadi nyingine. Kwa hiyo kwenye mtaa wenye jina baya kuna vipande vinne au vitano ambako mabibi wanamwagilia maua, na kimoja ambacho kila Ijumaa kuna utepe wa polisi. Unachotakiwa kujua ni kile kimoja kiko wapi na kinachangamka saa ngapi.

Jambo la pili: sehemu kubwa ya mauaji ni ya watu wanaojuana au walio kwenye ugomvi mmoja. Mpita njia hupigwa akiwa karibu na mlengwa, au akidhaniwa ndiye. Mauaji Marekani yalipanda kwa karibu asilimia 30 mwaka 2020, kisha yakashuka sana 2023 na 2024. Usiishi na picha za mitandaoni za miaka ile, lakini usijidanganye pia kwamba mambo yamekwisha.

Na wakazi wa mitaa hiyo wasiitwe wahuni. Wengi ni madereva wa mabasi, wauguzi wasaidizi, wastaafu, wacha Mungu wa Jumapili. Mitaa mingi kati ya hiyo ilinyimwa mikopo ya nyumba tangu miaka ya 1930, ramani za serikali zilipoipaka rangi nyekundu, na umaskini wake una historia. Mama mzee anayekaa barazani kila jioni ndiye atakayekueleza ukweli wa mtaa kuliko ramani yoyote. Mheshimu.

Kabla ya kusaini mkataba wa nyumba

Dalali wa kule, kama wa huku, atakuonyesha nyumba saa nne asubuhi siku ya Jumanne. Rudi mwenyewe mara mbili: Ijumaa saa nne usiku, na siku ya shule saa tisa na nusu alasiri wanafunzi wakitoka. Ukiwa bado uko Tanzania, mwombe mwenyeji wako afanye hivyo, na usitume hata senti ya amana kabla hajaingia ndani ya nyumba hiyo kwa miguu yake. Matangazo ya nyumba zisizokuwepo yamewaliza wengi.

Polisi wa miji mikubwa huweka ramani ya uhalifu kwenye intaneti, bure. Chicago imeweka kumbukumbu za matukio kuanzia 2001 hadi sasa. Andika anwani, chagua miezi 12 iliyopita, na uangalie mita 300 kuzunguka nyumba. Wizi wa vifurushi mlangoni uko kila mahali, usikukatishe tamaa. Angalia ufyatuaji wa risasi, unyang'anyi wa silaha na uporaji wa magari. Matukio matatu yaliyotokea miezi tofauti kwenye kona tofauti ni jambo moja. Matatu kwenye kona ileile, saa zilezile, ni kona ya kukwepa.

Ukifika kwenye nyumba yenyewe, tazama haya kwa macho: mlango wa nje wa jengo unajifunga wenyewe au umeegemezwa tofali? Mlango wako una komeo la chuma linaloingia ndani ya fremu angalau sentimita mbili na nusu, au ni kitasa tu? Taa za ngazi zinawaka? Dirisha la ghorofa ya chini lina kufuli? Kutoka mlangoni hadi kituo cha basi unapita kona ngapi? Nyumba ya ghorofa ya pili au ya tatu ni bora kuliko ya chini kwa wizi na kwa risasi zinazopita barabarani.

Hapo kwenye risasi pana jambo ambalo mtu wa nyanda za juu hulikosea. Amezoea nyumba ya tofali za kuchoma, ukuta wa inchi sita au tisa, akiingia ndani anajiona kafika. Nyumba nyingi za Marekani ni fremu ya mbao iliyofunikwa ubao mwembamba wa jasi (jipsamu). Risasi ya bastola inapita ukuta huo, inapita wa chumba kinachofuata, na bado ina nguvu ya kuua. Kwa hiyo kitanda kisikae chini ya dirisha linalotazama barabara. Kitanda cha mtoto kiwe chumba cha nyuma. Ukijua leo ni sehemu gani ya nyumba yako ina ukuta wa matofali au bomba la moshi la mawe, utajua kesho pa kujilaza.

Kofia ya mtumba, vidole na nyota

Wanagenge wa Crips walianzia Los Angeles mwaka 1969, na Bloods wakaibuka mwanzoni mwa miaka ya 1970 kupingana nao. Wale bluu, hawa nyekundu. Chicago ina historia yake: mwaka 1978, ndani ya magereza ya Illinois, magenge yalijigawa kwenye miungano miwili, People na Folk. People nyota yao ina pembe tano, mavazi yao, kama kofia, huinamishwa kushoto; Folk nyota ya pembe sita, huinamisha kulia. Leo Chicago miungano hiyo imevunjika kuwa vikundi vidogo vya mtaa mmoja au miwili, vingi vikiwa vya vijana wanaogombana kwa maneno ya mitandaoni kuliko kwa rangi. Rangi peke yake haitakuua. Hata hivyo alama bado zinasomwa, na mgeni hazijui.

Chukua kofia moja ya mtumba kutoka meza za Mwanjelwa, ile yenye herufi P kubwa mbele. Ni kofia ya timu ya besiboli ya Pittsburgh, imefika Mbeya kwenye belo, shilingi elfu tatu. Kwenye baadhi ya mitaa ya Los Angeles na Compton, P hiyo husomwa kuwa Piru, jina la mtaa walikoanzia Bloods wengi. Kofia ya Houston yenye H juu ya nyota husomwa kuwa Hoover, jina la genge jingine. Anayeivaa kwa sababu inazuia jua hana kosa lolote, ila anayeitazama kutoka ndani ya gari hana muda wa kuuliza. Kwa miezi sita ya kwanza vaa nguo zisizo na herufi wala namba kubwa, wala rangi moja kuanzia kofia hadi viatu. Usivae kitambaa cha rangi kichwani wala kukining'iniza mfukoni. Nguo ya kazi, ya chuo au ya kanisa inatosha.

Hatari kubwa zaidi ya kofia ni picha. Vijana wengi wamejifunza kukunja vidole kutoka kwenye video za muziki na wamejipiga picha hivyo Kabwe, Soweto au Miyomboni bila kujua wanatamka nini. Ishara hizo ni majina ya magenge. Ukiigeuza chini, umemtukana mwenye jina. Kabla ya kupanda ndege Songwe, pitia akaunti zako zote, futa kila picha yenye vidole vilivyokunjwa, noti zilizotandazwa kitandani, au bastola, hata ikiwa ya kuchezea. Vijana wa mtaa utakaohamia watakutafuta mtandaoni wiki ya kwanza. Polisi pia hutazama. Hilo lifanye kabla hujafunga begi, ni kazi ya jioni moja.

Kijiweni na njiani

Huku kijiwe ni mahali pa kahawa, bao na habari. Ukipita bila kusalimia unaonekana una dharau. Kule, kundi la vijana wanaosimama kona ileile kila siku mbele ya duka la vinywaji au nyumba tupu linaweza kuwa ni kijiwe kama cha kwetu, au ni sehemu ya kuuzia dawa za kulevya. Utatofautisha kwa mwendo: magari yanasimama sekunde 30 na kuondoka, kijana mmoja hakai na wenzake bali anatazama barabara, mwingine anakwenda uchochoroni na kurudi. Hapo usisimame kusubiri teksi, usiulize njia, usitoe simu, usipige picha hata ya machweo.

Salamu isife, ipunguzwe. Inua kidevu kidogo au ushushe kichwa mara moja, macho yakutane sekunde moja, endelea kutembea. Kumkazia mtu macho ni kumwita vitani. Kuangalia chini kwa woga nako kunamwambia kwamba wewe ni windo. Ile "kamwene" ya Iringa au "ugonile" ya Mbeya, yenye kusimama, kushikana mikono na kuuliza habari za nyumbani, watunzie majirani wa jengo lako. Nao uwape kwa wingi: jirani anayelijua jina lako ndiye atakayekupigia simu kukwambia usirudi nyumbani saa hii.

Kuna swali moja lazima ulijue kabla. Ukitembea Los Angeles, kijana anakukaribia na kuuliza, "Where you from?" Mtu wa Mbeya anafurahi, anafikiri anaulizwa nchi, anaanza kueleza Tanzania na Kilimanjaro. Pengine lafudhi yako itamfanya acheke na yaishe. Lakini kwa lugha ya mtaa swali hilo maana yake ni wewe wa genge gani, na jibu la jina lolote la mtaa linaweza kuwa jibu baya. Sema kwa sauti ya kawaida, "I don't bang," yaani simo kwenye genge lolote, mikono ikiwa wazi nje ya mifuko, endelea na safari. Usitanie. Usiulize kwa nini. Usitaje mtaa unaoishi, wala wa binamu yako.

Tembea kwenye barabara yenye maduka hata ikiongeza dakika tano. Kwenye sikio weka kifaa kimoja, la pili liache wazi. Ukiona gari limepunguza mwendo likiwa nyuma yako, geuka urudi ulikotoka. Gari halitageuka haraka kama wewe. New York, ubao wenye mistari myeusi na myeupe katikati ya jukwaa la treni unaonyesha mahali kondakta atakaposimama, hivyo usiku subiri hapo upande behewa lake. Chicago panda behewa la kwanza, lenye dereva.

Simu na unyang'anyi

"Samahani, naomba nibipu mara moja." Huku humnyimi mtu. Kule anayeomba simu mara nyingi anataka programu yako ya kutuma pesa; sekunde 20 zinatosha kujitumia dola mia tano, na malipo ya namna hiyo ni vigumu sana kurudishwa. Jibu ni kupiga wewe mwenyewe, kwa spika, simu ikiwa mkononi mwako, au kusema huna chaji. Programu za pesa ziwe na namba ya siri tofauti na ya kufungulia simu, na ushushe kiwango cha juu cha kutuma kwa siku.

Piga *#06#, andika namba ya IMEI kwenye karatasi, iache nyumbani. Tembea na dola 20 hadi 40 tu. Wageni wanaolipwa taslimu wanajulikana, na siku za malipo zinajulikana. Usitoke kazini na bahasha ya mshahara wa wiki ukapita uchochoroni. Pasipoti ibaki nyumbani. Green card, yaani kadi ya ukaaji wa kudumu, kwa aliyetimiza miaka 18, sheria inataka uwe nayo mwilini, basi iweke mbali na pochi ya pesa.

Ukinyooshewa silaha, toa. Sema kwanza mkono unakwenda wapi: "pochi iko mfuko wa nyuma." Kisha fanya polepole. Anayekuibia ana woga kama wewe, na mkono unaoingia mfukoni ghafla unaweza kumfanya afyatue. Usimkazie macho usoni. Tazama viatu, urefu, upande aliokimbilia. Usimkimbize na usipige yowe la "mwizi!" ukitegemea mtaa mzima utatoka na fimbo. Hautatoka. Wala hutaki utoke.

Gari

Huku unakaa ndani, mhudumu wa sheli anajaza. Kule, isipokuwa jimbo la New Jersey, unashuka kujaza mwenyewe, na hapo ndipo mgeni anapoacha ufunguo kwenye swichi na begi kwenye kiti. Wezi husogeza gari lao upande wa abiria, mmoja anashuka ameinama, anafungua mlango, begi limekwenda huku ukitazama namba za pampu. Kila ukishuka: zima, chukua ufunguo, funga milango yote, ndipo ushike pampu. Jaza mafuta mchana, kituo chenye taa, na usiingie ukiwa na tenki tupu usiku wa manane.

Wageni wengi hununua Kia au Hyundai iliyotumika kwa sababu ya bei. Kia nyingi za 2011 hadi 2021 na Hyundai nyingi za 2015 hadi 2021 zinazowashwa kwa kuzungusha ufunguo ziliuzwa bila kifaa cha kuzuia injini isiwake kwa ufunguo usio wake. Video za kuonyesha jinsi ya kuziiba zilisambaa 2021 na 2022. Kampuni zote mbili zilianza kutoa marekebisho ya programu bure mwaka 2023. Kabla ya kununua, uliza kama yamefanywa, na bado nunua chuma cha kufungia usukani.

Kwenye taa nyekundu acha nafasi, uone matairi ya nyuma ya gari lililo mbele yako yanavyogusa lami. Nafasi hiyo inakutosha kukata kona na kutoka. Ukigongwa kidogo nyuma usiku na hao waliogonga wakashuka watatu, usishuke. Washa taa za hatari, endesha polepole hadi sehemu yenye watu, piga 911 ukiwa njiani.

Polisi akikusimamisha

Trafiki wa Uyole anasimama barabarani, anakunyooshea mkono, unaegesha, unashuka, unamfuata na leseni mkononi. Hiyo ni heshima. Polisi wa Marekani anakuja kwa nyuma na taa zinazowaka, na dereva anayefungua mlango na kumfuata anaonekana anakuja kushambulia. Fanya hivi: washa taa ya kugeuka, egesha kulia, zima injini, washa taa ya ndani kama ni usiku, shusha kioo, weka mikono miwili juu ya usukani, vidole wazi. Abiria nao waweke mikono magotini. Kaa hapo hadi afike. Akiomba karatasi, mwambie ziko wapi kabla hujazifuata. Na usithubutu kuweka noti ndani ya leseni. Kumpa polisi rushwa kule ni kosa la jinai, na utatoka kwenye kosa la taa mbovu ukaingia pingu.

Una haki ya kunyamaza, na ya kukataa kwa adabu gari lisipekuliwe bila kibali. Huna ruhusa ya kudanganya, wala ya kuzuia kwa mwili akiamua kupekua. Malalamiko yapelekwe baadaye kwa wakili.

Usipande gari la rafiki usiyejua kilichomo chini ya viti. Bunduki moja isiyo na kibali inaweza kuwashtakisha wote wanne. Kwa asiye raia, hukumu ya kosa la silaha inaweza kumrudisha nyumbani moja kwa moja, na ya dawa za kulevya vilevile. Bangi inayouzwa dukani kwa leseni ya jimbo bado ni haramu kwa sheria ya shirikisho, ambayo ndiyo inayosimamia uhamiaji. Ukikamatwa, mwambie wakili wako neno la kwanza kwamba wewe si raia. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2010, wakili wa utetezi anawajibika kukueleza kama kukiri kosa kutakufukuzisha nchini.

Milio, damu na namba 911

Huku ukisikia mayowe unakimbilia. Kule ukisikia milio, lala. Usiende dirishani. Kama uko nje, jilaze nyuma ya ukuta wa zege, ngazi za mawe, au injini ya gari. Mlango wa gari hauzuii risasi, injini ndiyo inayozuia. Ndani, sakafuni, mbali na ukuta wa nje. Subiri dakika kadhaa baada ya mlio wa mwisho, kwa sababu mara nyingine gari hurudi. Kuelekea Julai 4, sikukuu ya uhuru wao, fataki hupigwa wiki nzima. Fataki huwa na mvumo na mwanga, bastola ni kavu, mfululizo usio sawa. Usipokuwa na hakika, lala.

911 inapokelewa hata kwa simu isiyo na salio. Tatizo la wengi wetu ni maelekezo. "Karibu na kanisa, geti la bluu, ukipita mti mkubwa" haimsaidii mpokeaji. Anataka namba ya nyumba, jina la barabara na upande wa dira. Chicago namba zote huhesabiwa kutoka makutano ya State na Madison, kwa sehemu kubwa namba 800 kwa kila maili moja, na barabara moja inaweza kuwa na namba ileile upande wa mashariki na wa magharibi. Ukiacha kusema West au East, gari la wagonjwa linaweza kwenda maili kadhaa upande mwingine. Andika anwani yako na kona mbili za karibu kwa herufi kubwa, ibandike nyuma ya mlango, kila mtoto aikariri kwa Kiingereza. Kiingereza kikikupotea, sema neno moja, "Swahili". Vituo vingi huunganisha mkalimani kwa simu. Usikate.

Mtu akipigwa risasi mkononi au mguuni na damu inaruka, ana dakika chache. Kanga au kitenge kilichokunjwa kinafaa: kiweke juu ya jeraha, bana kwa mikono miwili, uzito wako wote ukiwa juu yake, na usinyanyue kutazama. Kama una mkanda maalumu wa kubana damu, ufunge sentimita tano hadi saba juu ya jeraha, upande wa kuelekea mwilini, usiwe juu ya goti au kiwiko. Zungusha fimbo yake hadi damu isimame. Utauma sana, atakusihi ulegeze, usilegeze. Andika saa uliyofunga. Kamba nyembamba na waya hukata nyama bila kuzuia damu. Kampeni ya kufundisha raia kazi hii ilizinduliwa Ikulu ya Marekani mwaka 2015 na hospitali nyingi hutoa somo hilo, mara nyingi bure. Jiandikishe mwezi wa kwanza.

Ukiwa mwathirika, kila jimbo lina mfuko wa fidia unaolipia matibabu na mazishi, lakini una tarehe za mwisho na kwa kawaida unataka tukio liwe limeripotiwa polisi. Chukua namba ya ripoti siku hiyohiyo. Asiye raia aliyeumizwa na akasaidia upelelezi anaweza kuomba viza ya U. Hutolewa 10,000 kwa mwaka na foleni ni ndefu, hivyo mwone wakili mapema.

Mtoto

Wanaoingizwa kwenye magenge huwa wadogo, wengi kati ya miaka 11 na 15. Siku za shule, fujo za vijana hupanda kuanzia saa tisa alasiri, shule inapofungwa, na mzazi mgeni saa hiyo yuko zamu ya pili ya kazi. Mtoto wa Kiafrika anachekwa lafudhi, anapigwa njiani, kisha anatokea kijana mkubwa anayesema, "tembea na sisi." Anachouziwa kwanza ni ulinzi. Pesa huja baadaye.

Dalili: simu ya pili, viatu vya dola mia mbili visivyo na maelezo, jina jipya la utani, nyota au taji lililochorwa kwenye daftari, kukataa ghafla kuvaa rangi fulani, kubadilisha njia ya kwenda shule. Dalili moja ni utoto. Tatu kwa pamoja zinataka hatua wiki hiyohiyo.

Fimbo ndiyo hatua ambayo wazazi wetu wengi huikimbilia, na ndiyo inayoharibu. Alama mwilini humleta ofisa wa ustawi wa watoto, na mtoto aliyepigwa anakwenda moja kwa moja kwa wale waliomwahidi ulinzi. Jaza saa zile za baada ya shule: mpira, kwaya, vituo vya vijana kama YMCA, Boys & Girls Club. Mpeleke na kumchukua, au tafuteni zamu na wazazi wengine wa jumuiya. Mwone mshauri wa shule ukiwa na mkalimani wa watu wazima. Mtoto asitumike kutafsiri kesi yake mwenyewe. Kama tayari ana ugomvi, tafuta wapatanishi wa mtaani, watu ambao wengi wao walishakuwa humo. Kazi hiyo ilianza Chicago mwaka 2000 chini ya daktari Gary Slutkin na ikaenea miji mingine. Los Angeles kuna Homeboy Industries, iliyoanzishwa na padri Gregory Boyle mwaka 1988, wanaotoa kazi na kufuta tatuu bure. Kutoka kunawezekana. Wengi hukaa mwaka mmoja au miwili, na wengi hutoka kwa kujitenga kidogo kidogo, wakiwa na kazi, mtoto au mji mwingine wa kwenda.

Nanyi mliobaki Tukuyu, Mafinga au Makambako mna sehemu yenu. Saa tisa alasiri ya Chicago huku ni saa tano usiku, na wakati wa baridi yao ni saa sita. Bibi amelala, hawezi kumshika mjukuu kwa simu saa ile ya hatari. Pangeni Jumamosi. Saa tatu asubuhi kwao ni saa kumi na moja jioni kwetu, au saa kumi na mbili wakati wa baridi yao. Bibi asianze na masomo. Aulize majina ya marafiki, mmoja mmoja, ya nyumbani na ya utani, na wiki inayofuata aulize tena yaleyale.